Mayai ya Kambare

Ngigi alikuwa mzee wa kanisa na mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kitengela. Majirani walimwita kila walipotaka ugomvi wa mpaka wa ploti uishe bila kufika kwa chifu. Mtu wa namna hiyo hadhaniwi kuwa na siri, na ile aliyokuwa nayo haikuwa ya mwanamke wala ya pombe. Ngigi alikuwa akivua samaki.

Mahali penyewe palikuwa kwari ya mawe iliyoachwa, upande wa kwenda Isinya, ambako mvua za miaka mingi zilijaza shimo mpaka likawa bwawa. Kambare walifikaje humo hakuna aliyejua, lakini walikuwamo, wanene, weusi, wenye masharubu. Daktari alikuwa amemwonya Ngigi kuhusu presha, akamwambia atafute mahali pa kupumzisha moyo. Ngigi akagundua kwamba moyo wake haupumziki nyumbani wala dukani, bali pale ukingoni, ndoana ikiwa majini na pasiwe na mtu wa kumuuliza bei ya misumari. Alimwambia tu mkewe, Mwihaki, kwamba anaenda kuangalia shamba. Mwihaki alikuwa na maoni yake kuhusu wanaume wazima wanaokaa kando ya maji na fimbo. Hiyo, alisema, ni kazi ya watoto waliotoroka shule.

Kambare wa kwari walikuwa wajanja. Minyoo waliila na kuacha ndoana tupu. Kitu kimoja tu hawakuweza kukikataa: mayai ya kambare wenzao, yaliyotiwa dawa yakakaa. Ngigi aliyapata kwa Nzembi, mama aliyeuza samaki sokoni, ambaye alimwekea kila alipopasua jike mwenye mayai. Kuyatunza alijifundisha mwenyewe, kwa kutazama kwenye simu na kwa kukosea. Mayai hayaoshwi kwa maji ya mfereji, kwa sababu dawa ya maji huyafanya meupe na malegevu. Hukatwa vipande yakiwa bado ndani ya utando wake, yakanyunyiziwa chumvi, sukari, rangi nyekundu ya keki, na boraksi, ule unga mweupe ambao mafundi huutumia kuchomelea shaba, na ambao wengine huuchanganya na sukari kuua mende. Kwanza mayai hutoa maji mpaka yakaelea. Kisha, ukiwa na subira, huyanywa tena maji yale yale na kukazana. Hapo unayatandaza juu ya gazeti kivulini, upepo uyapige mpaka yasinate vidoleni, ndipo unayafungia kwenye chupa ndogo ndogo, maana chupa ikishafunguliwa kazini haifai kurudishwa. Ya wiki hii yanakaa kwenye friji. Ya miezi ijayo yanakaa kwenye freza, hewa imekamuliwa yote. Ngigi alikuwa na chupa zilizokaa tangu mvua za mwaka uliopita, na bado mayai yaling'aa kama yametiwa jana.

Shida ni kwamba friji ilikuwa ya Mwihaki.

Siku alipoikuta chupa ya kwanza, aliitoa akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mayai yalikuwa mekundu, yanapitisha mwanga, mazuri kuliko kitu chochote kingine mle ndani.

"Hii ni nini?"

Ngigi angesema ukweli, mkewe angemcheka jioni moja, na mambo yangeishia hapo. Lakini aliona aibu. Akajibu kwamba ni mayai ya samaki kutoka ng'ambo, chakula cha matajiri, amepewa na mteja mzungu anayejenga nyumba kule Kiserian.

"Hiyo wanaweka kwa biskuti, kidogo kidogo," akasema. "Chupa kama hiyo unanunua mbuzi. Usiifungue, itaharibika."

"Na mbona sisi hatuli?"

"Tunangojea siku kubwa."

Mwihaki akairudisha taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Baada ya wiki chache Ngigi alimsikia akiwaeleza wanawake wa chama chake kwamba kwao kuna chakula ambacho hata kwenye hoteli za Nairobi hukipati. Akacheka moyoni. Alijua angepaswa kuandika neno "sumu" juu ya vifuniko, lakini angeandikaje sumu juu ya chakula cha matajiri? Uongo ule ulikuwa umeshapata kiti nyumbani mwake, na kuufukuza kulihitaji maneno ambayo hakuwa nayo. Akaacha.

Binti yao, Nyaguthii, alikuwa mwalimu Kajiado. Huko alikutana na Koinet, daktari wa mifugo, kijana Mmaasai mtulivu anayesikiliza mpaka umalize ndipo ajibu. Walipokubaliana kuoana, watu wa Koinet wakatuma neno kwamba wangependa kuja Kitengela Jumamosi moja, wajuane na wazazi kabla ya mazungumzo yenyewe.

Mwihaki hakulala vizuri wiki ile. "Hawa watu wako na ng'ombe mpaka wanasahau ni ngapi," alimwambia mumewe. "Nyama wamekula tangu wazaliwe. Nitawawekea nini mezani hawajaona?"

Ngigi alikuwa akivaa viatu. Akamwambia kwamba mukimo wake wa viazi na mahindi unatosha, akaenda dukani. Baadaye alijiuliza mara nyingi kama siku ile alielewa swali lile au hakulielewa.

Wageni walifika Jumamosi kabla ya saa sita. Walikuwa Koinet, mjomba wake aliyekuja kama msemaji wa familia, wanaume wengine wawili, na nyanya yake ambaye wote walimwita Koko. Koko alikuwa mzee sana, mwembamba, shanga zimemjaa shingoni, na alitembea kwa kumshika Koinet mkono. Ngigi alipomkaribia, akainamisha kichwa kama alivyoelezwa na binti yake, naye Koko akamgusa utosini kwa kiganja kikavu na chepesi.

"Takwenya," Ngigi alijitahidi kusema, akakosea, maana hiyo ndiyo salamu ambayo mkubwa humpa mwanamke aliye mdogo wake. Wote wakacheka, Koko akacheka zaidi, na kuanzia hapo nyumba ikachangamka.

Mbuzi alikuwa akichomwa nyuma ya nyumba. Ngigi alikaa huko na wale wanaume wawili na mjomba, wakizungumza habari za ukame, bei ya nyasi, na barabara ya Namanga. Jikoni alikuwako Phylis, jirani yao kutoka Machakos, aliyekuja kusaidia kupika. Baada ya muda mjomba akaingia ndani kupumzisha mgongo. Nyama ilipokaribia kuiva, Ngigi akamfuata ili awaite wote.

Alipofika mlangoni mwa sebule, kitu cha kwanza alichokiona ni sahani kubwa ya kioo, ile ya arusi yao. Juu yake palipangwa biskuti za chumvi, kila moja imepakwa siagi, na juu ya siagi kuna kijiko cha mayai mekundu.

Mjomba alikuwa ameweka biskuti yake kwenye kisahani bila kuigusa. Koinet alikuwa amesema ameshiba chai. Nyaguthii alikuwa ameonja ncha akaificha iliyobaki ndani ya kitambaa cha karatasi, maana hakupenda harufu yake. Samaki hakuwa chakula cha nyumba ya Koko. Koko alizaliwa na kuzeeka bila kumtia samaki mdomoni. Lakini alikuwa amemtazama Mwihaki, akaona jinsi uso wake ulivyokuwa ukizima kila biskuti ilipowekwa chini. Basi akala yake. Kisha akanyoosha mkono akaichukua ya mjomba, akaila nayo. Ngigi alipoingia, Koko alikuwa akitafuna ya tatu polepole, macho yake yakimtazama mama mwenye nyumba kwa upole.

"Karibu, Baba Nyaguthii," Mwihaki akasema. Alikuwa amevaa nguo yake ya buluu, na Ngigi hakuwa amemwona na furaha ya namna ile kwa miaka. "Nilikuwa nawaambia vile ulipewa hii na yule mzungu. Kwamba hata yeye anakula tu siku kubwa. Si ndiyo?"

Watu wote wakageuka kumtazama. Mjomba mwenyewe alimtazama kwa adabu, akingoja.

Maneno yalikuwa mawili tu: si chakula. Ngigi aliyahisi yakiwa ulimini. Pia aliona yatakavyokuwa yakishatoka: Mwihaki mbele ya wakwe na sahani ya chambo mkononi, mjomba akisimulia huko kwao kwamba Wakikuyu wa Kitengela waliwalisha chakula cha samaki, na yeye mwenyewe, mzee wa kanisa, akieleza habari za kwari na fimbo na mzungu ambaye hakuwako.

"Ndiyo," akasema.

Koko akatabasamu, akachukua nyingine.

Ngigi akapiga hatua mbili, akaichukua sahani. Akasema nyama iko tayari, na kwamba atawapelekea wale wa nje nao waonje. Akapita jikoni, akatokea mlango wa nyuma, akayamwaga yote kwenye shimo la taka na kuyafunika kwa maganda ya viazi. Mikono yake ilinuka. Akajiambia kwamba unga ule ni kidogo, umetawanyika katika chupa nzima, na watu hula mabaya zaidi wakaamka salama. Akajiambia hivyo mara kadhaa wakati wa nyama, na tena wakati wa maombi ya kuagana. Alimwangalia Koko akisaidiwa kuingia kwenye gari, akamwona amejishika tumbo kidogo, lakini wazee wote hujishika mahali.

Nyaguthii alirudi nao Kajiado. Jua lilikuwa bado halijashuka alipopiga simu.

"Mama, tuko hospitali. Koko anatapika tangu Isinya, anahara, hawezi kusimama. Daktari anauliza alikula nini ambacho sisi hatukukula."

Mwihaki aliweka simu kwenye spika, akaanza kuhesabu kwa sauti. Nyama walikula wote. Mukimo walikula wote. Chapati, wote. Mayai hakuyashuku, maana ni chakula cha matajiri; akakumbuka maziwa aliyokunywa Koko peke yake, akageuka kuelekea jikoni, ambako Phylis alikuwa bado akiosha sufuria.

"Phylis, yale maziwa ulileta asubuhi ulichemsha?"

Phylis akaja mlangoni, mikono inadondosha maji. "Nilichemsha, Mama Nyaguthii."

"Uko na uhakika? Maanake mzee wa watu anaumwa."

"Nilichemsha mpaka ikamwagika. Hata jiko liko na alama." Phylis alimwangalia Mwihaki, kisha akamwangalia Ngigi, kama mtu anayeomba shahidi. Macho yake yalikuwa yameanza kulowa. "Mimi siwezi kulisha wageni wenu maziwa mabaya."

Ngigi alikuwa amesimama kati yao. Simu ilikuwa mezani, bado imewaka, na binti yake alikuwa upande wa pili akingoja neno lolote la kumpelekea daktari.

"Mwambie tunakuja," Ngigi akasema.

Akaenda stoo, nyuma ya makopo ya rangi, akalitoa kopo la boraksi na kulitia mfukoni mwa koti. Wakaingia garini. Kutoka Kitengela hadi Kajiado si mbali, lakini siku ile malori ya saruji yalikuwa mengi, na Ngigi aliendesha nyuma yao bila kuyapita. Mwihaki aliomba kwa sauti ya chini njia nzima. Alimwombea Koko, akamwombea Nyaguthii, kisha akaomba Mungu amsamehe Phylis kama alikosea. Ngigi akabadilisha gia. Alikuwa akijiambia kwamba jambo kama hili halisemwi kwa simu wala garini, linasemwa ana kwa ana na mtu anayehusika, na kwamba huko ndiko kuwa mwanamume. Lakini alijua anachokifanya. Alikuwa akijinunulia saa moja zaidi ya kuwa yule mtu ambaye watu walimdhania.

Hospitalini walimkuta mjomba amesimama kwenye korido, fimbo yake mkononi, na Koinet akiwa ameegemea ukuta. Nyaguthii alimkimbilia mama yake. Daktari, mwanamke kijana mwenye macho ya mtu aliyechoka, akatoka chumbani akauliza nani aliyepika.

"Mimi," Mwihaki akasema.

"Si yeye," Ngigi akasema. "Ni mimi."

Wote wakamgeukia. Akalitoa kopo mfukoni akampa daktari. Sauti aliyozungumza nayo ilikuwa ile ya dukani, ya kueleza simenti ichanganywe vipi, kwa sababu hakuwa na nyingine.

"Yale mayai mekundu si chakula. Ni chambo cha kuvulia samaki. Ni mayai ya kambare. Nimeyaweka chumvi, sukari, rangi, na hiyo boraksi, ndiyo yakae bila kuoza. Ile chupa alikula ilikuwa kwa freza tangu mwaka jana."

"Boraksi kiasi gani?"

"Vijiko viwili kwa chupa. Halafu nyingine juu yake, ndiyo yasishikane."

"Na yeye alikula vijiko vingapi?"

"Biskuti nne. Ya nne alikula nikiwa hapo."

Daktari aliandika, akamwita muuguzi, akamwambia waongeze maji ya mishipa na wapime figo mara moja. Kabla ya kurudi ndani akamtazama Ngigi. "Mlipigiwa simu saa ngapi?"

Ngigi akatazama saa ya ukutani.

"Mngetuambia kwa simu, mzee," daktari akasema, bila ukali, akaingia.

Mjomba alikuwa akilitazama dirisha. Kama angemfokea, Ngigi angeshukuru. Kama angesema lete ng'ombe, lete kondoo wa fidia, Ngigi angeleta siku hiyo hiyo. Lakini mzee yule alivuta tu kiti cha plastiki, akamwambia Mwihaki, "Kaa, mama, umesimama sana," kisha akarudi kulitazama dirisha.

Mwihaki hakukaa. Alikuja karibu na mumewe, akazungumza kwa Kikuyu ili wengine wasisikie, ingawa Nyaguthii alisikia kila neno.

"Nilikuuliza mbele ya watu. Nikakuuliza, si ndiyo? Ukasema ndiyo."

"Nilitaka kukulinda na aibu."

"Mimi?" Mwihaki akauliza. "Na hao samaki unaowavua, unawapeleka wapi?"

"Nampa Nzembi. Yule mama wa samaki. Yeye ndiye hunipa mayai."

"Kwa hivyo mama wa sokoni alikuwa anajua."

Akaenda kukaa kwenye kile kiti.

Koko alikuwa na nguvu kuliko alivyoonekana. Kwa siku kadhaa figo zake ziliwatia madaktari wasiwasi, kisha zikatulia, na mwisho akaanza kuomba chai. Ngigi alikwenda Kajiado kila siku. Alifunga duka, akakaa kwenye benchi la nje, na jamaa za Koinet walipopita walimsalimia kwa heshima, "Sopa, mzee," naye akaitikia "Ipa" akitazama viatu vyao.

Siku moja Koinet akatoka akamwambia kwamba Koko anamwita. Alimkuta ameegemezwa mito, bila shanga zake, mdogo kama msichana. Koko alisema maneno machache kwa Kimaasai. Koinet akayatafsiri.

"Anasema alijua mapema si chakula. Ilikuwa inachoma ulimi. Lakini anasema mama alikuwa anamtazama, na mwanamke akikuwekea kitu kwa roho safi, huwezi kumrudishia."

Ngigi alitaka kusema samahani, akaona neno lenyewe ni dogo mno. Akalisema hivyo hivyo. Koko akatikisa kichwa kwamba amesikia. Hakusema kwamba si kitu. Akafumba macho, na Koinet akamfungulia Ngigi mlango.

Kwa Phylis alikwenda Mwihaki, asubuhi ya kwanza kabisa baada ya ile Jumamosi, kabla hata ya chai. Ngigi alimfuata mpaka langoni, akasimama pale akisikia sauti za wanawake wawili ndani, moja ikilia, asijue ni ya nani. Mwihaki alipotoka akampita. "Sasa ingia wewe," akasema. Aliingia. Phylis alimpa kiti, akamsikiliza, akamwambia amemsamehe, na kuanzia siku hiyo hakuja tena kupika kwao.

Kwenye chama Mwihaki aliwaeleza wenzake mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, kabla hawajasikia kwa wengine. Alimtaja mumewe kwa jina. Friji aliisafisha kwa maji ya moto na ndimu, na zile chupa zote Ngigi alizichimbia shimo nyuma ya stoo akazifukia, maana hata kambare hakutaka tena kuwapa. Kwari hakurudi. Hakuna aliyemkataza.

Mazungumzo ya ndoa yaliahirishwa, lakini hayakuvunjika. Nyaguthii na Koinet walikuwa wameshaamua, na Koko mwenyewe ndiye aliyewaambia watu wake kwamba hataki kufa kabla ya arusi. Mvua za mwisho wa mwaka zilipokwisha, Ngigi na Mwihaki wakaalikwa nyumbani kwa akina Koinet, mbele ya Kajiado, mahali pa migunga na upepo mwingi.

Walipokewa vizuri mno. Ngigi alipewa kiti chenye mto. Mbuzi wawili walichinjwa. Chakula kilipowekwa, mjomba alisimama, akaomba kimya, akasema kwa ile adabu yake isiyochoka:

"Tuko na mzee wa kanisa hapa. Baba Nyaguthii, tuombee chakula."

Ngigi akasimama. Maombi ya chakula alikuwa ameyasema maisha yake yote, kwenye arusi na matanga, bila kufikiri. Watu wakainamisha vichwa. Koko, kwenye kiti chake cha chini, naye akainamisha.

"Mungu wetu," Ngigi akaanza. "Tunakushukuru kwa chakula hiki. Tunaomba ukibariki, na mikono iliyo..."

Hapo sauti ikamwisha. Alingoja irudi. Upepo ulikuwa ukitikisa bati la paa, na mtoto fulani akakohoa. Ngigi alihisi vichwa vimeanza kuinuka kimoja kimoja, akayafumba macho yake kwa nguvu zaidi ili asivione.

Mwihaki akasimama kando yake. Hakumshika mkono. "Na mikono iliyokitayarisha," akasema kwa sauti iliyo wazi, "na kila atakayekula. Amina."

"Amina," wakaitikia wote, na sahani zikaanza kupitishwa. Ngigi aliendelea kusimama kidogo baada ya wengine kukaa, mpaka Koinet alipomwambia taratibu, "Baba, keti tule."